Mfungo Wako Usiwe Mzigo kwa Mwenzako



Hebu tuanze na nyumba moja ambayo huenda mkaifahamu, ingawa hatutataja jina la mtu. Ni jioni ya Jumatano ya Majivu. Baba anarudi kutoka kazini, amechoshwa na foleni ya matatu, na alama ya majivu ingali inaonekana kwenye paji la uso wake. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Anapofungua mlango anamkuta kitinda mimba amemwaga uji sakafuni na redio inapiga kelele. Anafoka. Mtoto analia. Mama anapouliza kuna nini, anajibiwa kwa ukali: “Kwani hujui nimefunga?” Kisha baba anaketi kungoja chakula chake, na kinapochelewa kidogo, anasonya.

Jambo ambalo baba huyo hakuuliza ni hili: mama naye alikuwa amefunga. Alipokea majivu katika Misa ya asubuhi, akafua, akateka maji, akawapikia watoto chakula cha mchana huku tumbo lake likinguruma. Hakuna aliyejua. Usiku huo watu wawili walilala kitanda kimoja, wote wamefunga kwa ajili ya Mungu yule yule, na kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

Hatuwaelezi haya ili tumhukumu mtu. Tunataka kuuliza swali ambalo kila mtu wa ndoa anapaswa kujiuliza kabla Kwaresima haijaanza: Je, ninaweza kumtolea Mungu mfungo ambao gharama yake inalipwa na mwenzangu?

Kwanza tukumbuke Kanisa linatudai nini, maana wengine hujitwika mizigo ambayo hawakutwikwa, na wengine huikwepa hata ile midogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, siku za kufunga zinazotulazimu ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo tunakula mlo mmoja kamili, na tunaweza kuongeza chakula kidogo nyakati mbili nyingine. Kufunga huku kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Kuacha nyama siku hizo mbili na siku za Ijumaa kunawahusu waliotimiza miaka 14, na maaskofu wa nchi wanaweza kuamua namna nyingine ya kufanya toba siku hizo. Wagonjwa, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha hawafungwi na sheria hii. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo au anayemeza dawa kila siku asianze kufunga kabla hajamwuliza daktari. Mungu hapendezwi na mama anayezirai jikoni.

Yote yanayozidi hapo ni zawadi ya hiari. Zawadi ya hiari ni jambo zuri sana. Lakini mtu hutoa zawadi kutoka katika mali yake mwenyewe, wala hachukui ya jirani.

Pengine utasema: “Tumbo ni langu, njaa ni yangu. Mwenzangu anahusikaje?” Ndugu msomaji, siku uliposimama mbele ya altare uliacha kuwa mtu wa peke yako. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho (1 Kor 7:4) kwamba mwili wa mke uko chini ya mamlaka ya mume, na mwili wa mume vivyo hivyo uko chini ya mamlaka ya mke. Nguvu zako, usingizi wako, uchangamfu wako wa jioni, hata sauti unayotumia kuwaita watoto, vyote hivyo mwenzako ana haki navyo. Ukifunga hata ukakosa upole, hukutoa njaa yako tu. Umetoa pia amani ya mwenzako, na yeye hukumwomba.

Bwana wetu alikwisha kulisema jambo hili kwa mfano mwingine. Katika Injili ya Marko sura ya 7 anawakemea watu waliokuwa wakiwaambia wazazi wao kwamba mali ambayo ingewasaidia imekuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Lilikuwa neno zuri, neno la ibada, lakini lilitumika kumnyima mzee chakula. Yesu aliwaambia wazi kwamba kwa kufanya hivyo wanalitangua neno la Mungu. Nasi tunaweza kuwa na Korbani yetu nyumbani. Baba anayesema, “Siwezi kuzungumza nawe, nimo katika maombi,” kumbe anakwepa kuulizwa karo ya shule iko wapi, huyo ana Korbani. Mama anayefunga siku nyingi mfululizo ili Mungu ambadilishe mume wake, na katika siku hizo zote hamsalimii, naye ana Korbani. Mfungo umekuwa ukuta wa kujificha nyuma yake.

Tuseme pia juu ya chumba cha kulala, maana wengi huona haya kuuliza. Kuna wanandoa ambao mmoja wao hutangaza kwamba Kwaresima nzima hakuna kukaribiana. Paulo analiruhusu jambo hilo (1 Kor 7:5), lakini anaweka masharti yaliyo wazi: wote wawili wapatane, liwe kwa muda, liwe kwa ajili ya sala, na baadaye warudiane ili Shetani asipate nafasi. Basi akiamua mmoja peke yake, hilo si mfungo ambao Mtume anauzungumzia. Na ikiwa limeamuliwa kwa sababu ya hasira ya juzi, ni afadhali kuisema hasira hiyo kuliko kuivika kanzu ya ibada. Hata hivyo, maneno ya Paulo si fimbo ya kumchapia mwenzako aliye mgonjwa, aliyechoka au anayeogopa. Neno lake kubwa ni kupatana, na hakuna kupatana palipo na vitisho.

Hapa wengine hutuuliza: “Je, Yesu hakusema tufunge kwa siri, tupake mafuta kichwani na kunawa uso, watu wasijue?” Ni kweli, alisema hivyo (Mt 6:16-18). Lakini alikuwa akiwaonya wale wanaofunga ili wasifiwe. Mwenzako wa ndoa si mtazamaji wa barabarani. Ninyi ni mwili mmoja. Kumwambia anayekupikia, “Kesho nitafunga, usinitengee chakula cha mchana,” si kupiga tarumbeta, ni adabu. Tena agizo la kunawa uso linamhusu zaidi mtu aliye nyumbani. Likitimizwa pale sebuleni, maana yake ni kwamba mke na watoto wasione dalili ya njaa yako katika uso wala katika maneno yako. Waone tu kwamba siku hiyo baba amekuwa mpole kuliko jana.

Sasa tugeukie upande mwingine, ambao hatuutaji sana. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ziko nyumba ambazo mmoja hufunga mwaka mzima bila kuandikwa katika kalenda ya Kanisa. Ni mama anayepakua ugali, akawapa watoto, akampa baba, kisha akakwangua sufuria na kusema ameshiba. Ni baba anayetembea kwa miguu hadi kibaruani ili nauli ibaki nyumbani, na mchana wenzake wakienda hotelini yeye anasema hana hamu. Je, huo ni mfungo?

Tujibu kwa uangalifu. Njaa inayoletwa na umaskini si fadhila, ni dhiki, na Mungu anataka iondolewe. Anayempenda mwenzake na kumwachia tonge lake ametoa sadaka ya kweli, hata kama hakulitaja jina la Kwaresima. Lakini wewe unayekula kipande kikubwa cha nyama Alhamisi bila kuuliza kama kimebaki kingine, halafu Ijumaa ukajisifu kwamba hukugusa nyama, mfungo wako umeanza siku moja kwa kuchelewa. Ungeanza kwa kutazama sahani ya mwenzako. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawashangaa watu wanaofunga huku wakigombana na kuwakandamiza wafanyakazi wao. Anasema mfungo anaoutaka Mungu ni kuwagawia wenye njaa chakula na kutowapa kisogo watu wa nyumba yetu wenyewe. Tuyaangalie maneno hayo ya mwisho. Wengi hukimbilia maskini wa mbali na kumsahau yule anayeketi nao meza moja.

Tuna mfano wa mama mmoja Mwafrika, Mtakatifu Monika, aliyezaliwa karne ya nne katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Mume wake, Patrisi, alikuwa mtu wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika alisali, tena alifunga. Lakini mwanawe, Mtakatifu Agostino, anapoeleza jinsi Patrisi alivyovutwa hadi akapokea imani mwishoni mwa maisha yake, anataja upole na mwenendo wa mama yake, na jinsi alivyojua kungoja hasira ipoe kabla ya kusema. Baadaye Monika alipofika Milano, alikuta Wakristo wa huko hawafungi Jumamosi. Akafadhaika, asijue afuate desturi ipi. Agostino akamwendea Askofu Ambrosi kwa niaba yake, naye akaeleza kwamba akiwa Roma hufunga Jumamosi, na akiwa Milano hafungi. Fuata desturi ya Kanisa la mahali ulipo, usiwe kikwazo kwa mtu. Monika akatii. Mwanamke huyu aliyezoea kufunga alikubali kula siku ambayo wenzake walikula. Alijua kwamba mfungo ni mtumishi wa upendo, wala si bwana wake.

Kuna mmoja atakayeuliza: “Na kama mwenzangu hataki kabisa nifunge? Nimtii yeye au Mungu?” Tutofautishe mambo mawili. Yale ambayo Kanisa limeagiza, hakuna mume wala mke mwenye mamlaka ya kuyakataza. Mwambie kwa upole, kisha uyafanye bila kununa. Lakini yale uliyojiongezea mwenyewe, siku tatu au saba au kukesha usiku kucha, hayo yanaweza kupunguzwa ikiwa yanaumiza nyumba. Hujamkana Mungu. Umebadilisha zawadi moja kwa nyingine, na huenda hii ya pili ikakugharimu zaidi. Kula pamoja na mwenzako aliyekukwaza, ukimtazama usoni, kwaweza kuwa kugumu kuliko kushinda na njaa.

Lengo la kufunga ni nini basi? Chakula si kibaya, na mwili si adui. Tunafunga ili tukumbuke kwamba uhai wetu hautoki sufuriani bali kwa Mungu, na ili tujizoeze kusema “hapana” kwa tamaa inayopiga kelele sasa hivi. Na ndoa yenyewe haisimami bila “hapana” hiyo. Anayejifunza kuiambia sahani “ngoja” atapata nguvu ya kuuambia ulimi “ngoja” wakati wa ugomvi, na kuyaambia macho “ngoja” yanapoanza kutangatanga. Kwa hiyo kipimo cha mfungo wa mtu wa ndoa hakiko kanisani tu. Kiko nyumbani, na anayekishika ni mwenzake.

Tunawashauri mambo machache. Jioni ya kabla ya Jumatano ya Majivu, keti pamoja, watoto wakishalala. Kila mmoja aseme anataka kufunga nini, na mwenzake aseme jambo hilo litamgusaje. Chagueni moja la pamoja, hata liwe dogo: kuacha pombe, kuweka simu kando wakati wa chakula cha jioni, kuacha soda ya Jumapili. Fedha itakayobaki iwekeni katika kopo moja mbele ya watoto, na mkubaliane mapema itakwenda kwa nani: mjane wa jumuiya yenu ndogo ndogo, au mchango wa Kwaresima wa parokia. Papa Leo Mkuu, katika karne ya tano, aliwafundisha waamini kwamba kile anachojinyima afungaye kiwe chakula cha maskini. Bila sadaka, mfungo huwa ni kubana matumizi tu. Siku ya kufunga, anayerudi nyumbani mapema ashike kazi ambayo kwa kawaida ni ya mwenzake. Na kabla ya kulala, hata mkiwa mmechoka, salini pamoja Baba Yetu mmoja.

Tumrudie yule baba tuliyeanza naye. Siku yake haikuwa imepotea. Angeweza, kabla ya kuzima taa, kugeuka na kuuliza: “Na wewe, umekula leo?” Swali hilo fupi lingefungua mengi. Angegundua kwamba ameoa mtu aliyefunga pamoja naye bila yeye kujua, na kwamba safari aliyodhani anakwenda peke yake ilikuwa ya wawili.

Mwulize mwenzako swali hilo leo, hata kama si Kwaresima. Kisha nyamaza, usikilize anavyojibu.

Mungu azibariki nyumba zenu.