Ukisomea Kusimamia Watu, Umesomea Amana



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada zangu,

Kila mwaka wenzetu wa mwaka wa mwisho wanapokaribia kumaliza, swali huwa ni lile lile: baada ya hapa unasoma nini? Siku hizi jibu linalosikika sana ni shahada ya uzamili katika usimamizi: wa biashara, wa rasilimali watu, wa taasisi za umma. Wapo wanaolibeza jibu hilo wakisema hiyo ni elimu ya dunia, haitamfaa Muislamu kesho akhera. Wapo wanaolishangilia wakisema sasa utapata ofisi, gari na mshahara mnono. Makundi haya mawili yamesahau jambo moja. Hakuna aliyewataja watu watakaokuwa chini ya mkono wa msomi huyo. Leo nataka tuwazungumzie hao.

Faradhi inayotutosheleza sote

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika Ihya kwamba zipo elimu ambazo ni faradhi kifaya. Wakizisoma wanaotosha, wengine wameokoka; zikikosa wa kuzisoma, jamii nzima ina dhambi. Akataja udaktari na hesabu, na hata kilimo, ufumaji na ushonaji. Kisha akawalaumu wanafunzi wa zama zake. Miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu, lakini vijana walikuwa wakisongamana kwenye fiqhi na mijadala yake. Kwa nini? Kwa sababu, anasema, udaktari haukuwa njia ya kukabidhiwa waqfu, mali za mayatima na vyeo vya ukadhi.

Tuitafakari lawama hiyo, hasa sisi tunaosoma fani za dini. Umma unahitaji masheikh, na unahitaji pia watu wanaojua namna ya kuendesha kile masheikh walichokiasisi. Hapa Uganda Waislamu tuna misikiti, shule, zahanati, ardhi za waqfu na mifuko ya zaka. Tangu marekebisho ya sheria ya taasisi za fedha ya mwaka 2016, mlango wa benki za Kiislamu umefunguliwa. Vyote hivi vinahitaji watu wanaojua kupanga, kuajiri, kukagua na kutoa hesabu. Shule ikifa kwa kukosa usimamizi, watoto wa Kiislamu ndio wanaobaki bila shule, hata kama mwanzilishi wake alikuwa mcha Mungu.

Kwa hiyo anayeomba nafasi ya uzamili katika usimamizi kwa nia hii, yumo katika ibada. Lakini lawama ya Al-Ghazali ina makali upande wa pili pia. Waliokimbilia fiqhi kwa ajili ya waqfu na mali za mayatima wanafanana na anayekimbilia usimamizi kwa ajili ya ofisi na gari. Elimu zimebadilika, nia ni ile ile.

Mwenye nguvu na muaminifu

Qur'an imetupa kipimo cha mtu wa kukabidhiwa kazi. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), akisema kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na muaminifu. Yusuf (A.S.) naye, katika aya ya 55 ya sura inayobeba jina lake, anamwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi kwa kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Sifa ni mbili katika kila aya, na hazitengani. Uaminifu bila ujuzi utaozesha nafaka ghalani. Ujuzi bila uaminifu utaiuza usiku.

Tazameni ujuzi wa Yusuf (A.S.). Alipanga mpango wa miaka kumi na minne: saba ya kulima na kuweka akiba, saba ya njaa. Akaelekeza hata namna ya kuhifadhi, kwamba nafaka iachwe katika masuke yake isipokuwa kiasi kidogo cha kula. Huyo ni Mtume wa Allah anayezungumzia ghala.

Tazameni pia mkataba wa Musa (A.S.) katika aya mbili zinazofuata ile ya 26. Muda umetajwa: miaka minane, na ikifika kumi ni kwa hiari ya mfanyakazi. Malipo yametajwa. Mwajiri anasema wazi kwamba hataki kumtaabisha. Mwisho Allah anafanywa shahidi. Ni wangapi leo wanaofanya kazi kwa ndugu zao Waislamu na hawajui wanalipwa kwa lipi, lini, na mpaka lini?

Mtakayoyakuta darasani

Msije mkaogopa vitabu vya elimu hii, wala msivipokee kama wahyi. Humo mna hekima na mna upotofu, na Muislamu ana mizani.

Mtasoma habari za Frederick Winslow Taylor, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1911 kitabu kuhusu kusimamia kazi kwa njia ya kisayansi. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, wabebaji wa vipande vya chuma walikuwa wakipakia kiasi cha tani 12 na nusu kwa siku kila mmoja. Taylor akapima kila hatua, akapanga muda wa kubeba na muda wa kupumzika, na mtu akafika tani 47. Mshahara ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85 kwa siku. Pigeni hesabu: kazi iliongezeka karibu mara nne, malipo hayakufika hata mara mbili. Na katika kumweleza mtu afaaye kwa kazi hiyo, Taylor alimfananisha na ng'ombe.

Kupima kazi na kupanga mapumziko ni jambo jema. Lakini yule aliyefananishwa na ng'ombe, Mtume (S.A.W.) amemwita ndugu. Katika Hadithi ya Abu Dharr (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, tumefundishwa kwamba wale walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavike tunachovaa, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Hadithi hiyo ilisemwa kuhusu watumwa. Basi itakuwaje kwa mtu huru? Hata hilo neno "rasilimali watu" tulisome kwa tahadhari. Jembe likikatika hununuliwa jingine. Mtu ana Mola atakayemuulizia.

Mtasoma pia habari za Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920. Alieleza kwamba ofisi iliyo madhubuti huajiri kwa sifa, hufuata kanuni zilizoandikwa, na hutenganisha mali ya ofisi na mali ya mwenye ofisi. Sasa rejeeni kwa Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi, akasema hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi hiyo. Swali hilo limebeba somo zima: kilichokufuata kwa sababu ya kiti, ni cha kiti. Wangapi kati yetu watalikumbuka siku watakapoketi kwenye kamati ya zabuni?

Jasho la mfanyakazi

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyeahidi kwa jina Lake kisha akavunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mfanyakazi, akachukua kazi yake yote, kisha asimlipe ujira wake. Angalieni amewekwa karibu na nani: na muuza watu.

Sheria ya nchi hii haitatuokoa na Hadithi hii. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Meneja anaweza kumlipa mlinzi fedha isiyomfikisha nusu ya mwezi, na mahakama isimguse. Hapo ndipo taqwa inapopimwa, pale ambapo hakuna hakimu anayekutazama isipokuwa Allah.

Na tuseme ukweli kuhusu nyumba yetu wenyewe. Zipo madrasa ambazo ustadh hufundisha miezi mitatu au minne bila kuona shilingi. Akiuliza, huambiwa asubiri, malipo yake yako kwa Allah. Wakati huo huo kuba la msikiti linapakwa rangi mpya na mgeni rasmi anaandaliwa karamu. Ndugu zangu, ni kweli malipo ya ustadh yako kwa Allah. Lakini deni la kamati nalo liko kwa Allah, na halifutwi kwa kumhimiza mwenye haki awe na subira. Subira ni ibada ya aliyedhulumiwa. Anayedhulumu ameamrishwa kulipa. Kutumia akhera kumnyima mtu haki yake ya dunia ni kuifanyia dini istihzai.

Mkinganishe hayo na kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali, nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Kila mmoja aliomba kwa amali yake bora. Wa tatu alikuwa mwajiri. Mfanyakazi wake aliondoka bila kuchukua ujira wake, kipimo cha nafaka tu. Mwajiri akaupanda ujira ule na kuuendeleza mpaka ukawa mifugo. Yule mtu aliporudi kudai, alikabidhiwa yote, akadhani anafanyiwa mzaha. Kwa amali hiyo jabali likaondoka kabisa. Tunajua kwamba tahajjud na saumu huokoa. Tukumbuke kwamba na daftari la mishahara huokoa.

Je, inafaa kutafuta cheo?

Huenda mtu akauliza: Mtume (S.A.W.) hakumkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi? Na hakumwambia Abu Dharr kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake? Ndiyo. Na Abu Dharr alikuwa miongoni mwa wakweli wakubwa wa masahaba. Uchamungu wake haukutosha peke yake kwa kazi ile. Lakini Yusuf (A.S.) aliomba, na wanazuoni wameeleza kwamba aliomba kwa kuwa aliujua uwezo wake na alitaka kuwanusuru watu, hakutaka nafsi yake ikuzwe.

Basi anayesoma usimamizi ajiulize: nikikosa cheo, nitafurahi kwamba amepata aliye bora kuliko mimi? Akijibu ndiyo kwa ukweli, asonge mbele kwa jina la Allah. Na ajue kwamba shahada ile haitamwongezea udhuru, itampunguzia. Mwenyekiti asiyesoma anaweza kusema hakujua namna ya kupanga bajeti ya mishahara. Wewe uliyesoma utasema nini?

Yaliyo mikononi mwetu leo

Kwanza, mnaojiandaa kwa uzamili, chagueni mapema mada ya tasnifu itakayowafaa watu: mishahara ya walimu wa madrasa, usimamizi wa waqfu, hali ya wauguzi au wafagiaji wa hospitali. Utafiti ni kazi ya miezi mingi. Usiishie kwenye kabati.

Pili, isomeni Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Humo mna likizo, mna siku ya mapumziko kila juma, mna haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Muislamu msimamizi asiwe chini ya kiwango cha sheria wakati dini yake imemtaka awe juu yake.

Tatu, tuanze na jumuiya yetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Kamati zetu zina fedha za michango. Hesabu zibandikwe ubaoni kabla ya kuombwa. Ramadhani ikifika, dada zetu hupika futari tangu alasiri, halafu sisi tukakaa tukisifiana kwa maandalizi mazuri. Tugawane kazi, na mama tunayemwita atusaidie masufuria na kuni alipwe jioni ile ile, kabla hatujasimama kwa tarawehe. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza, katika Hadithi aliyoipokea Ibn Majah, tumlipe mfanyakazi jasho lake halijakauka. Asiyeweza kumlipa mama mmoja wa jikoni kwa wakati, asitarajie shahada itamfundisha kuwalipa mia mbili.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa, nia safi na riziki ya halali. Usitufanye miongoni mwa wale utakaokuwa mgomvi wao. Wape wepesi mahabusu wa madeni na wafanyakazi waliocheleweshewa haki zao, na uzilainishe nyoyo za wanaowasimamia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.