Amri ya Nne: Lini Mkristu Aweza Kumkatalia Mkubwa?



Mmekwisha kujifunza Amri ya Nne ya Mungu. Amri hiyo yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Lakini haikomi mlangoni pa nyumba. Yatuagiza pia kuwatii wenye mamlaka: chefu wa kijiji, hakimu, mwalimu, bwana wa kazi. Mtume Paulo aliwafundisha Wakristu wa Roma kwamba mamlaka asili yake ni Mungu. Basi mtu anayekataa kusafisha kisima cha kijiji kwa uvivu, ao anayemtukana mzee kwa kiburi, asijisingizie dini. Huyo ametenda dhambi, na imempasa kutubu.

Walakini, swali moja lasumbua mioyo ya wengi: Mkubwa akiniagiza jambo baya, nifanye nini? Pengine chefu ataka utoe ushuhuda wa uongo barazani, jirani yako apate kunyang'anywa shamba. Pengine jamaa wakulazimisha kwenda kwa mlaguzi, mtoto anapougua. Jibu la Eklezya ni wazi: hapo usitii. Mitume walipokatazwa na Baraza la Yeruzalemu kuhubiri jina la Yezu, Petro alijibu kwamba ni Mungu anayepaswa kutiiwa kwanza, kisha watu. Mamlaka ya mtu ni kama kijito: maji yake hutoka chemchemini. Mkubwa akiagiza dhambi, amejitenga na chemchemi, na agizo lake limekauka.

Mtazameni Mwenye Heri Isidori Bakanja, mwana wa Kongo. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akavaa skapulari ya Mama Maria shingoni. Baadaye alikwenda Ikile, akawa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu mmoja wa kampuni ya mpira. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Lakini mkubwa wa pale aliichukia dini. Alimkataza kuwafundisha wenzake sala, akamwamuru kuvua skapulari. Isidori aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Mwaka 1909 alipigwa viboko zaidi ya mia, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Vidonda vyake havikupona. Alifariki tarehe 15 Agosti mwaka uleule. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni vema namna alivyokataa. Kwanza, hakukataa kazi. Alikataa tu kuificha imani yake. Pili, alitafuta njia ya amani, akaomba kwenda zake. Tatu, hakuinua mkono juu ya aliyempiga. Nne, hakuweka chuki moyoni. Mapadri walipomwomba kusamehe, alijibu kwamba amekwisha kusamehe, na kwamba mbinguni atamwombea sana mtu yule.

Basi ndugu zangu, kabla ya kusema «Sitaki» mbele ya mkubwa, kila mmoja ajiulize moyoni:

Je, agizo hili ni dhambi, ao lanichosha tu?
Je, nimesema kwa heshima na kwa ukweli, ao kwa matusi na kwa siri?
Je, niko tayari kubeba taabu itakayofuata?
Je, naweza kumwombea mkubwa huyo usiku huu kabla ya kulala?

Mtu akishindwa swali la kwanza, na atii. Akishindwa mengine, asiende kutenda dhambi aliyoagizwa. Bali atakase moyo wake, kisha akatae kama mwana wa Mungu.

Nawe uliyewekwa kuwa kapita juu ya wenzako, usisahau: utaulizwa na Mungu juu ya kila neno uliloamuru.

Tumwombe Bwana atupe moyo mnyenyekevu katika mema, na moyo mgumu kama jiwe mbele ya dhambi. Amina.