Uzito Uachieni Mguu

Wanangu wa steji za Busia, Malaba na Tororo, leo sina neno juu ya helmeti wala leseni. Hayo mnaambiwa kila siku. Nataka tuzungumze juu ya viuno vyenu, na hasa juu ya kile kitendo cha kuinua pikipiki na kuiweka kwenye stendi kubwa. Kijana mwenye kazi hukirudia kutwa nzima bila kukifikiria, mpaka siku kiuno kitakapokataa.

Kazi hii ya bodaboda ilizaliwa hapa hapa mpakani. Miaka ya 1960 vijana walibeba wasafiri kwa baiskeli kuvuka kile kipande cha barabara kati ya kizuizi cha Kenya na cha Uganda, na baiskeli ikatawala kwa miongo kadhaa kabla ya pikipiki kuenea. Baiskeli, hata yenye keria nzito ya chuma, mtu aliishika nyuma kwa mkono mmoja, akaivuta juu, stendi ikashuka chini yake, basi. Tabia hiyo ya mkono ikarithiwa. Sisi wa enzi ya baiskeli tuliwaonyesha wadogo zetu, nao wakawaonyesha ninyi. Ndiyo maana hadi leo namwona kijana ameinama nyuma ya pikipiki, mgongo umepinda, mishipa ya shingo imemtoka, anavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Boxer na TVS mnazoendesha zina uzito wa zaidi ya kilo 100 zikiwa tupu. Si mzigo wa mkono huo.

Kile kijichuma kinachotokeza kwenye stendi upande wa kushoto kimewekwa ili mguu ukikanyage, na uzito wa mwili wako ndio uinue pikipiki. Kwa hiyo simama kushoto. Kulia kuna ekzosi, na kama umetoka Malaba moja kwa moja itakuunguza shavu la mguu. Zima injini, weka gia nyutro, nyoosha usukani na uushike kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ushike kile chuma cha kushikia kando ya kiti, kilicho imara. Keria iliyochomelewa mtaani usiiamini kabla hujaitikisa, kwa sababu weldi ikikatika wakati umeegemea, mtaanguka wote wawili. Na tafadhali, vaa kiatu. Patipati yenye matope huteleza kwenye kile kijichuma cha stendi, na kikirudi juu kinapiga mfupa wa mbele wa mguu.

Sasa kanyaga polepole hadi stendi iguse chini, kisha utulie. Wengi hukosea hapa. Stendi ina miguu miwili, na pikipiki ikiwa imelala kidogo upande wako, ni mguu mmoja tu uliogusa. Ukisukuma wakati huo itajipinda na kwenda chini. Isimamishe wima, itikise kidogo kushoto na kulia, mpaka unyayo wako uhisi kwamba miguu yote miwili imekaa. Hapo ndipo unasimama juu ya kikanyagio kwa uzito wako wote, goti likinyooka, mgongo wima, macho mbele. Mkono wa kulia unaongoza tu, kwenda juu na nyuma. Pikipiki itarudi nyuma kidogo na kupanda. Breki ya mbele iachie wakati huo. Ukiishika umeizuia kurudi, halafu utalalamika kwamba ni nzito. Kijana mwembamba akifanya hivi anamshinda mwenye kifua kipana anayevuta kwa mikono, na nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sina shaka nalo.

Lakini hayo yote ni bure kama mzigo bado uko juu. Najua mnavyobeba: trei za mayai kutoka Uganda, magunia ya vitunguu, samaki wakavu, saruji ya Tororo. Mifuko miwili ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni kama kuweka pikipiki ya pili juu ya ile ya kwanza. Teremsha kwanza. Mwenye mzigo akikuharakisha, mwombe kwa adabu ashike upande mmoja. Abiria naye ashuke, hata akiwa mama mzee mwenye mtoto mgongoni. Msaidie kushuka, umpe mahali pa kusimama.

Tazameni ardhi pia. Murramu iliyonyeshewa humeza mguu mmoja wa stendi taratibu, wewe ukiwa umeenda kunywa chai. Weka ubao au jiwe bapa chini yake. Ukingoni mwa lami, pale malori yanapopanga foleni, ardhi huelekea mtaroni. Penye mteremko, elekeza gurudumu la mbele upande wa juu. Likielekea chini, mtu akiigusa tu pikipiki inajisukuma mbele na kutoka kwenye stendi. Na unapoishusha, fungua stendi ndogo kwanza, isukume pikipiki mbele, na vidole viwe tayari kwenye breki.

Pikipiki ikianza kuanguka, iache ianguke. Taa na kioo vinanunuliwa. Ikishalala, zima injini, funga mafuta, na kama imelalia upande wa kulia, fungua stendi ndogo kabla hujaiinua. Ipe mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee ukingo wa kiti. Mkono mmoja ushike usukani upande ulio chini, mwingine ushike fremu, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua ndogo, miguu ikisukuma. Na kama mwenzako yuko karibu, mwite. Hakuna aibu.

Nasisitiza miguu kwa sababu kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyobeba uzito wetu. Kuinua huku umeinama na kujipinda ndiko kunakoviumiza zaidi. Kimoja kikitokeza na kubana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka takoni hadi unyayoni. Hayo usiyakande kwa maji moto mwezi mzima. Nenda hospitali, iwe ya rufaa ya kaunti hapo Busia au ya serikali pale Tororo. Na ukihisi ganzi katikati ya mapaja, au mkojo umekataa kutoka au unatoka bila wewe kutaka, hiyo ni dharura. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, jifunzeni wawili wawili, pikipiki ikiwa tupu na mahali pakiwa sawa. Mmoja akanyage, mwenzake asimame kulia, mbali na ekzosi, mkono kwenye kiti tayari kuidaka kabla haijalala. Kisha mbadilishane. Na yule mgeni aliyejiunga na steji wiki hii, anzeni na yeye.