Kunyamazisha Onyo

Majaribio ya programu yangu yalifaulu yote. Nilipoyarudia chini ya Valgrind yalijikokota, kisha onyo likatokea: kuna kumbukumbu inayosomwa kabla haijawekwa thamani. Niliandika mstari wa kulipuuza, nikasita.

Mwaka 2006, ili kuituliza Valgrind, Debian iliondoa msimbo ndani ya OpenSSL. Aliyeuondoa aliuliza kwanza. Hata hivyo, funguo za siri zilizotengenezwa baadaye zilikuwa rahisi kukisiwa, na kasoro ikagunduliwa 2008. Kilicholalamikiwa hakikuwa na madhara. Madhara yalitokana na kukinyamazisha bila kukielewa.

Mimi sikuwa nimemuuliza mtu. Nikaufuta mstari wangu. Huenda onyo ni la bure, lakini uchovu wangu hauwezi kuwa dhamana ya atakayeitumia programu hii.