Jaketi la Ngozi Kambini

Mimi nina jaketi jeusi la ngozi. Nililinunua kwenye mitumba hapa sokoni kwa pesa ya kufyatua matofali. Zipu imekufa, na jua la huku mnalijua. Lakini Jumapili nalipaka mafuta kidogo, nalivaa, natembea.

Siku moja nililivaa kwenda kwenye mahojiano ya msaada. Aliyekuwa anaandika majibu alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Mbona wewe unaonekana uko vizuri?" Nikakosa jibu. Jioni mama jirani akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine vaa lile shati lililochanika." Alisema kwa upendo, lakini sikulala. Je, mtu anayehitaji msaada hana haki ya kupendeza?

Mimi ni mpenzi wa rokenroli, kwa hiyo nikawafikiria wenyewe walioianza. Little Richard alizaliwa mwaka 1932 Macon, Georgia, wakati sheria za huko zilimtenga mtu mweusi. Kabla ya kujulikana alikuwa anaosha vyombo kwenye stendi ya mabasi. Mwaka 1955 akarekodi "Tutti Frutti", na watu wakamwona: nywele zimesimama, poda usoni, suti inang'aa. Elvis Presley naye alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili huko Tupelo, Mississippi. Walipohamia Memphis, familia yake ilikaa kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo, na yeye kijana akawa anasimama nje ya duka la nguo la Lansky Brothers, mtaa wa Beale, akichungulia dirishani.

Kumbe mavazi yale yalivaliwa na watu waliojua dhiki, nayo yalisema: mimi nipo, nitazameni. Nadhani ndiyo maana miaka 70 imepita na bado yanatuvuta. Sisi tuliotoka Kongo tunalielewa hilo haraka. Miaka ya 1970 Mobutu alipiga marufuku suti na tai, lakini Papa Wemba na vijana wa sape wakazidi kupiga pamba.

Sasa, nisijitetee kupita kiasi. Nimeona kijana akiuza unga wa nyumbani apate viatu, wadogo zake wakalala njaa. Huo si urembo, ni wizi. Jaketi langu nililitolea jasho langu, na bado najiuliza kama sabuni na mafuta ya kupikia havikustahili kwanza.

Ila shati lililochanika nimelikataa. Nikilivaa ili nihurumiwe, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya. Na ninyi ndugu zetu mnaotuhudumia, nawaomba kitu kimoja: mkitaka kujua njaa yangu, njoni nyumbani mfunue sufuria. Jaketi halitawaambia.

Mahojiano mengine ni mwezi ujao. Jaketi nimeshalipaka mafuta.