Lugha ya Kuchezea Mtoto

Swali la lugha gani mzazi aitumie anapocheza na mtoto wake huonekana dogo, na kwa kawaida huachiwa walimu na watunzi wa vitabu vya misemo, yaani vile vitabu vyenye sentensi fupi za Kiingereza za kukaririwa na mzazi kabla ya kwenda uwanjani: shika vizuri, sasa ni zamu ya mwenzako, teremka polepole, twende nyumbani. Hata hivyo ni swali la falsafa kwa maana yake kamili, kwa sababu linauliza neno ni kitu gani kabla halijawa somo; tena ni swali la dini, kwa kuwa linagusa kile ambacho mzazi humpa mtoto pamoja na uhai. Katika Katuba, mojawapo ya komini za jiji la Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali hilo lina uzito wake, kwani Kifaransa ndiyo lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya nchi ya mwaka 2006, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na Kiingereza kinabisha hodi kupitia Kasumbalesa, mpaka wa Zambia ulio umbali wa chini ya kilomita 100. Mzazi anayetamani mwanawe avuke mpaka huo akijua kujieleza hastahili lawama hata kidogo.

Kiini cha jambo chaonekana vizuri zaidi katika tendo moja la kila siku. Ndani ya lupango, kama wenyeji wanavyokiita kiwanja cha nyumba kilichozungushiwa ua, mtoto wa miaka mitatu amepanda juu ya rundo la matofali na sasa anaogopa kushuka; baba anasimama chini, ananyoosha mikono, na kusema neno moja tu, «Kuya!», ambalo ndilo «njoo» ya Lubumbashi. Kwa sarufi hiyo ni amri, lakini mtoto haisikii kama amri hata kidogo, bali anasikia ahadi kwamba mikono ile itamdaka. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, aliyefariki mwaka 1960, alieleza kwamba kuna maneno ambayo hayatoi habari bali yanatenda, kama vile kuahidi, kubariki au kuomba radhi, ambapo kusema ndiko kutenda kwenyewe. Lugha ya mchezo karibu yote ni ya namna hiyo. Mama anayemwogesha mwanawe aliyepewa jina la babu yake, akamwita «baba» huku akimmwagia maji, hamfundishi mtoto jina la kitu chochote. Anamweka katika ukoo, na anamheshimu mzee kupitia mwili mdogo unaoteleza sabuni.

Je, ahadi hiyo yaweza kutolewa kwa lugha iliyokaririwa? Wapo wanaojibu upesi kwamba haiwezekani, kwa hoja kwamba kila kabila lina lugha yake na kila mtoto ana lugha ya damu. Historia ya Lubumbashi inakataa jibu hilo. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa wengi wa watu waliokuja kuchimba na kuyeyusha shaba ya kampuni ya Union Minière. Walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na vijiji vya Katanga yenyewe, eneo ulipo mji huo, wakiwa na lugha zao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao badala ya kuwabadilisha kila mara, watoto walianza kuzaliwa na kukulia katika kambi za wafanyakazi, wakacheza pamoja bila kujali wazazi wametoka wapi, na lugha ya kazini, iliyokuwa ya amri za msimamizi, ikageuka katika vizazi vichache kuwa lugha ya kubembelezea. Katuba, iliyokua katika miaka ya 1950, ilipokea watu wengi waliokuwa tayari na urithi huo. Kwa hiyo hakuna lugha ambayo kwa asili ni ngeni kwa mchezo. Lugha ya mgeni hugeuka kuwa ya mwenyeji pale tu watu wanapogombana kwayo, wanapocheka, wanapoomboleza na kusali, na si pale inapotumika kwa sentensi ishirini za kuelekeza.

Shahidi mkubwa wa jambo hili ni Mwafrika. Agostino, askofu wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, anakiri katika Maungamo yake kwamba Kilatini alikipata bila adhabu, kwa mabembelezo ya walezi na vicheko vya watu waliocheza naye, ilhali Kigiriki alikichukia kwa kuwa alifundishwa kwa vitisho. Anayemsoma Agostino kwa makini ataona kwamba hakusema Kilatini ni bora kuliko Kigiriki. Alichotofautisha ni njia mbili ambazo lugha humwingia mtu, na njia hizo mbili zipo hadi leo katika kila nyumba yenye mtoto wa shule.

Katanga ina msamiati wake wa kulieleza hili. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville mwaka 1945, alianzisha baadaye miongoni mwa wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi chama cha sala kilichoitwa Jamaa, ambacho mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Uzazi katika mafundisho hayo haukuishia kwenye kuzaa mwili, bali ulikuwa pia kumzaa mtu mwingine kwa mawazo na maneno. Kama ni hivyo, mchezo wa jioni ni sehemu ya uzazi, na mzazi anayefika hapo akiwa na maneno machache ya kuazima amefika mikono mitupu: anaweza kuelekeza, lakini hawezi kutania, kutunga jina la utani wala kumtuliza mtoto aliyechubuka goti.

Lipo pia jambo la nia. Mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mchezo, alishikilia kwamba mchezo ni tendo huru ambalo lengo lake limo ndani yake lenyewe. Mzazi anayecheza ili apime kama mtoto amejua kusema «bembea» kwa Kiingereza ameacha kucheza, na mtoto hutambua upesi kwamba anafanyiwa mtihani.

Basi mzazi wa Katuba anayetaka mwanawe ajue Kiingereza, na ana haki ya kutaka hivyo, amtafutie mwalimu mzuri na vitabu. Lakini jua likishuka na watoto wakitoka barabarani, acheze naye kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaweza kuimba, kutania na kumwomba mtoto radhi.