Mabishano yasiyokwisha

Kuna mabishano ambayo kila mkristu wa nchi yetu ameyasikia mara nyingi. Mkatoliki na Mprotestanti wakutana sokoni, au kazini, au mahali pa kilio. Mmoja asema: «Ninyi mwaabudu sanamu.» Mwingine ajibu: «Ninyi hamna heshima kwa Mama wa Yezu.» Wa kwanza ataja amri ya Mungu katika Kitabu cha Kutoka, wa pili ataja salamu ya malaika Gabrieli. Sauti zapanda, wasikilizaji wacheka, jua latua, na kila mmoja arudi kwake na neno lile lile alilokuja nalo. Juma lijalo waanza tena palepale. Baba zao walibishana vivyo hivyo, wala hakuna aliyepata kujua jambo jipya juu ya mwenzake.

Watu wengine hufikiri kwamba huo ni mchezo tu. Sivyo. Twajua jamaa ambamo ndugu wa tumbo moja hawaketi pamoja kwenye matanga ya mama yao, kwa sababu ya maneno kama hayo. Twajua vijana waliotaka kuoana, na wazee wa pande mbili wakakataa hata kuonana. Basi yafaa tuulize: kwa nini mabishano hayo hayaendi mbele hata hatua moja? Na mkristu apenda kweli na apenda jirani yake. Afanye nini ili asiiache hii wala asimpoteze huyu?

NENO MOJA, MAANA MBILI

Tutazame neno lenyewe «sanamu». Katika Kiswahili chetu neno hilo lachukua mizigo mingi. Mungu wa uongo aliyechongwa kwa mti ni sanamu. Umbo la Bikira Maria kanisani ni sanamu. Hata picha ya marehemu baba iliyotundikwa ukutani, wazee wengi huiita sanamu. Mprotestanti asoma katika Biblia kwamba Mungu amekataza sanamu, kisha aona sanamu katika kanisa letu. Masikioni mwake neno ni moja, basi kwake kosa ni wazi kama mchana. Lakini Mkatoliki asikiapo neno hilo afikiri juu ya ile picha ya baba: anaiheshimu, aifuta vumbi, wala hakuna siku hata moja aliyodhani kwamba karatasi ile imemzaa.

Hivyo hivyo neno «kuomba». Mkatoliki asema: «Namwomba Maria.» Maana yake: namwomba aniombee kwa Mungu, kama ninavyomwomba mama yangu mzazi aniombee. Mprotestanti asikia: namsali Maria kama anavyosaliwa Mungu. Wote wawili wametumia neno moja, nao hawakusema jambo moja.

Eklezia ililijua shauri hili tangu zamani. Katika Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, maaskofu walitenga mambo mawili waziwazi: ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake, picha takatifu zapewa heshima tu, na heshima hiyo yamwendea yule aliyechorwa, haikai katika ubao wala rangi. Anayetaka kubishana na Wakatoliki juu ya sanamu, na abishane na fundisho hilo. Lakini atalijuaje, ikiwa sisi tunamjibu kwa kelele tu, wala hatumwambii maana ya maneno yetu?

ALTARE YA KANDO YA YORDANI

Maandiko Matakatifu yatuonyesha shauri la namna hii katika Kitabu cha Yozue, sura ya 22. Makabila ya Rubeni na Gadi, na nusu ya kabila la Manase, walipewa nchi yao ng'ambo ya Yordani. Walipokuwa wakirudi kwao baada ya vita, walijenga altare kubwa kando ya mto. Wana wa Israeli wengine waliposikia habari hiyo walikasirika sana. Walijua kwamba altare ya Mungu ni moja tu; basi walidhani kwamba ndugu zao wamemwasi Mungu. Wakakusanyika Shilo tayari kwa vita.

Lakini kabla ya kutoka walifanya jambo moja la akili: walimtuma Pinehasi, mwana wa kuhani Eleazari, pamoja na wakubwa kumi, waende kuuliza. Wale walioshitakiwa wakajibu kwamba altare ile si ya kutolea sadaka hata kidogo. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa ng'ambo hii watawaambia watoto wa ng'ambo ile: ninyi hamna fungu kwa Mungu wa Israeli. Ndiyo maana walijenga mfano wa altare, uwe ushahidi kwamba wao pia ni watu wa Mungu huyo. Pinehasi aliposikia hayo alifurahi, akarudi, na vita havikuwako.

Tuangalie vizuri. Pande zote mbili zilikuwa zikilinda kitu kimoja. Hawa walitaka kushika mikuki ili altare ya Mungu isigawanyike. Wale walijenga ili wasitengwe na altare hiyo hiyo. Laiti wasingeulizana, wangaliuana kwa ajili ya imani moja.

Ndivyo ilivyo mara nyingi katika mabishano yetu. Nyuma ya neno linalorudiwa-rudiwa kuna kitu chema ambacho mtu anakilinda. Mprotestanti anayepiga kelele juu ya sanamu analinda nini? Analinda heshima ya Mungu aliye peke yake. Je, sisi hatuilindi? Mkatoliki anayemtetea Maria analinda nini? Analinda siri ya Mwana wa Mungu aliyezaliwa kweli na mwanamke. Je, mwenzetu aikataa? Ukitafuta kwanza kile anacholinda mwenzako, utaacha kupigana na kivuli.

MFANO WA MTAKATIFU ATANASI

Mababa wa Eklezia walifanya kazi hiyo ya Pinehasi. Mwaka 362 Mtakatifu Atanasi alikuwa amerudi Aleksandria kutoka uhamishoni, akakusanya maaskofu katika mtaguso. Wakristu wa Antiokia walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kwamba katika Mungu kuna hipostasi tatu. Wengine walisema hipostasi ni moja tu. Hilo ni neno la Kigiriki. Wa kwanza waliitwa wafuasi wa Ario, wanaogawanya Mungu. Wa pili waliitwa wafuasi wa Sabelio, wanaosema kwamba Baba na Mwana na Roho ni majina matupu ya mmoja.

Atanasi hakuuliza: nani ana sauti kubwa? Aliwauliza wale wa tatu: je, mwafundisha miungu watatu? Wakajibu: hasha, Mungu ni mmoja. Akawauliza wale wa moja: je, mwakana kwamba Mwana na Roho Mtakatifu wako kweli? Wakajibu: hasha. Kumbe wa kwanza kwa neno hilo walitaja Nafsi tatu. Wa pili walitaja umungu wenyewe ulio mmoja. Imani ilikuwa moja. Mtaguso ukawakubali wote wawili, ukaandika barua ya amani kwa watu wa Antiokia.

Lakini habari hii ina mwisho wa kutuonya. Kabla wajumbe hawajafika na barua, askofu mmoja mwenye haraka, Lusiferi wa Cagliari, alikuwa amekwisha kumweka askofu wa upande mmoja huko Antiokia. Mgawanyiko ukakaa miaka mingi bado. Haraka haraka haina baraka: fundi ashona kwa siku nyingi, mwenye hasira apasua kwa saa moja.

AMRI YA NANE

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya adabu tu, tena ya wasomi. Sisi twasema: ni mambo ya amri ya Mungu. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia mwenzetu uongo. Nikisema kwamba jirani yangu ameiba, naye hakuiba, nimemtendea dhambi. Basi nikisema kwamba anaamini jambo fulani, naye haliamini, tena alikwisha kunieleza mara kumi, nimemtendea nini? Jina jema la mtu ni mali yake. Imani yake ni mali iliyo kubwa zaidi. Kumpachika mtu imani isiyo yake, kisha kumcheka kwa ajili yake, ni ushahidi wa uongo, hata kama tunafanya hivyo kwa kutetea Eklezia. Kweli haihitaji kutetewa kwa uongo.

Ndiyo sababu Mtaguso wa Vatikano II, katika hati yake ya tarehe 21 Novemba 1964 juu ya umoja wa wakristu, ulituagiza kuacha maneno na hukumu na matendo yasiyo ya kweli wala ya haki juu ya ndugu waliotengana nasi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuulize maana ya neno kabla ya kulijibu. Kuuliza si ujinga. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa kitabu chake cha Mazoezi ya Roho, afundisha kwamba mkristu mwema apaswa kuwa tayari kulipokea neno la mwenzake kwa maana njema kuliko kulihukumu. Asipoweza, amwulize analielewaje. Na akiwa amekosa, amsahihishe kwa mapendo.

Pili, turudie fundisho la mwenzetu mpaka yeye mwenyewe aseme: «Ndiyo, ndivyo ninavyosema.» Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, huanza kila shauri kwa kuandika kwanza maneno ya wanaopinga. Ndipo anapotoa fundisho lake, na baadaye ajibu kila pingamizi. Anayeshindwa kueleza hoja ya mwenzake hajapata bado haki ya kuivunja.

Tatu, tulinganishe vitu vya namna moja. Si haki kupima fundisho letu zuri na mwenendo mbaya wa muumini wao mmoja. Nao wasipime Eklezia kwa Mkatoliki anayevaa medali kama hirizi ya kukinga uchawi. Lakini mtu huyo yupo, tena katika parokia zetu. Mwenzetu akitulaumu kwa ajili yake, tusimkasirikie. Twende tumfundishe yule mtu.

Nne, tukiona kwamba kweli hatupatani, tuseme hivyo wazi, tusifiche. Kuna tofauti zisizo za maneno tu. Juu ya Ekaristi na upadri, na juu ya Baba Mtakatifu, maswali makubwa yamebaki kati yetu na Waprotestanti. Anayesema kwamba yote ni sawa hamheshimu yeyote. Faida ya kuulizana si kufuta tofauti, ni kuzijua zilipo. Mwenye shamba ajuaye mpaka wake halisi hapigani na jirani katika kila tuta.

Je, kazi hiyo yaweza kuzaa matunda? Tutazame. Martin Luther alianza ubishi wake mwaka 1517, na shauri kubwa likawa hili: mtu apata haki mbele ya Mungu kwa imani peke yake, au vipi? Mtaguso wa Trento ulijibu tarehe 13 Januari 1547. Lakini Luther aliposema «imani» alitaja tumaini la moyo wote kwa Kristu. Maaskofu wa Trento waliposema «imani» walitaja hasa kukubali mambo aliyotufunulia Mungu, nao walijua kwamba imani isiyo na matumaini na mapendo haitoshi. Kwa karne nne watu walirushiana neno hilo. Tangu mwaka 1967 wajumbe wa Wakatoliki na wa Waluteri wa dunia walikaa pamoja, wakaulizana. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, pande mbili zilitia sahihi tangazo moja: kwa neema peke yake, katika kuiamini kazi ya Kristu ya kutuokoa, si kwa stahili yetu yoyote, Mungu atupokea na kutupa Roho Mtakatifu anayetuwezesha kutenda mema. Mwaka 2006 Wametodisti wakajiunga na tangazo hilo. Tofauti nyingine zimebaki, nazo ziliandikwa humo bila kufichwa. Lakini juu ya jambo lile lililoanzisha ugomvi, pande mbili zilisema kwa sauti moja kiini cha imani yao.

Ndugu wapenzi, miaka 452 ilipita kati ya Trento na Augsburg. Katika matanga na arusi zetu hatuna muda wa namna hiyo. Mama akifa, watoto wake wana siku chache tu za kuketi pamoja. Basi siku hiyo, ndugu yako akianza tena neno lile lile la zamani, usitafute kwanza jibu la kumshinda. Mwulize: «Ndugu, unalinda nini?» Kisha nyamaza, umsikie.